Namna ya Kupanga Orodha ya Vyuo vya Marekani Unapohitaji Ufadhili

Wanafunzi wengi wanaoomba udahili wa shahada ya kwanza nchini Marekani hupanga orodha ya vyuo kwa swali moja: nitakubaliwa wapi? Kwa mwombaji ambaye si raia wa nchi hiyo, na ambaye familia yake haiwezi kulipa gharama zote, swali hilo ni nusu tu ya kazi. Chuo kinachokukubali bila kukupa fedha za kutosha kitakuletea barua ya pongezi, lakini hutasoma huko. Ndiyo maana katika kazi yangu ya kuwashauri waombaji huanza na fedha, kisha ndipo tunapotaja majina ya vyuo.

Hatua ya kwanza: jueni mnachoweza kulipa kwa mwaka

Kaa na wazazi au walezi wako, mkubaliane kiasi ambacho familia inaweza kutoa kila mwaka kwa miaka minne mfululizo, bila kuwaondoa wadogo zako shuleni na bila kuuza kitu ambacho familia inakitegemea kuishi. Mchango utakaopatikana mara moja tu, kwa mfano pesa za kuuza kiwanja, ugaweni kwa minne kabla ya kuuingiza kwenye hesabu. Kiandikeni kiasi hicho kwa dola, na kiwe cha chini kidogo kuliko mnavyotamani, kwa sababu gharama za vyuo vya Marekani hupanda karibu kila mwaka na hakuna anayeweza kukuhakikishia kiwango cha kubadilisha fedha cha mwaka wa tatu.

Usipoteze muda na FAFSA, fomu ya kuombea msaada wa serikali ya Marekani, kwani msaada huo ni wa raia na wakazi wa aina maalumu tu. Vilevile, kikokotoo cha gharama kilichopo kwenye tovuti ya kila chuo kwa kawaida kimetengenezwa kwa ajili ya familia za Kimarekani, na jibu lake linaweza kukupotosha, isipokuwa chuo kimesema wazi kwamba kinawahusu pia wanafunzi wa kigeni.

Hatua ya pili: elewa sera ya kila chuo

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo orodha nyingi zinapoharibika. Kila chuo kiulize maswali mawili. Je, kinapoamua kukudahili kinatazama kama unaomba msaada wa fedha? Na je, kikishakudahili, kinafidia pengo lote lililopo kati ya gharama zake na uwezo wa familia yako?

Vipo vyuo vichache ambavyo havitazami uwezo wa mwombaji wa kigeni na vinafidia pengo lote. Miongoni mwake ni Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst. Dartmouth na Bowdoin vilijiunga na kundi hilo mwaka 2022. Sera hii ni nzuri mno, lakini isikudanganye kuhusu ushindani, kwa kuwa vyuo hivi huwakataa waombaji wengi sana wenye alama za juu kabisa.

Kundi la pili ni vyuo vinavyotazama uwezo wako wakati wa udahili, lakini vikishakukubali hufidia pengo lote. Macalester na Vassar ni mifano mizuri. Maana yake ni kwamba unapoomba dola 60,000 kwa mwaka unashindana na mwenzako anayeomba dola 15,000, na chuo chenye bajeti yenye kikomo kinalazimika kupima. Hili si sababu ya kuficha uhitaji wako, maana vyuo vingi havimruhusu mwanafunzi wa kigeni aliyeingia bila kuomba msaada kuja kuuomba baadaye. Sema ukweli tangu mwanzo.

Kundi la tatu hutoa ufadhili kwa kuzingatia ufaulu, bila kuahidi kufidia pengo. Vyuo vikuu vya umma vya majimbo kwa sehemu kubwa huangukia hapa: ni nadra kumpa mgeni msaada unaotokana na uhitaji, ila baadhi huwa na punguzo la ada kwa wenye alama nzuri. Kwa familia inayoweza kulipa sehemu ya maana ya gharama, kundi hili lina thamani kuliko linavyosifiwa. Berea, kilichopo jimbo la Kentucky, kina utaratibu wake wa pekee: hakitozi ada ya masomo na kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni. Nafasi zake kwa wageni ni chache na zinagombewa sana.

Kumbuka pia kwamba pengo linalofidiwa ni lile lililokokotolewa na chuo kwa kanuni zake, si lile mlilokokotoa nyumbani.

Hatua ya tatu: soma takwimu za chuo chenyewe

Maneno ya kwenye tovuti huwa yanavutia, na takwimu ndizo zinazoonyesha hali halisi. Vyuo vingi huchapisha kila mwaka waraka unaoitwa Common Data Set, ambao unaupata kwa kuandika jina la chuo pamoja na jina la waraka huo kwenye intaneti. Fungua kipengele B2, utazame idadi ya wanafunzi wa shahada ya kwanza wasio wakazi wa Marekani. Kisha nenda kipengele H6, ambako chuo hueleza kama kinawapa wanafunzi hao msaada, wangapi wameupata, na wastani wa kila mmoja ni dola ngapi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Chuo kina wanafunzi wa kigeni 400, waliopata msaada ni 60, na wastani wao ni dola 22,000. Gharama ya mwaka mzima ni dola 75,000. Hapo unaona mambo mawili kwa mpigo: wageni wengi wanajilipia, na hata anayepata msaada wa wastani anabakiwa na dola 53,000 za kutafuta. Kama familia yako inaweza kulipa dola 8,000, chuo hiki hakikufai hata kama alama zako ni bora kuliko za wengi wanaodahiliwa. Chuo kingine chenye wageni 250, ambapo 210 wamepata msaada wa wastani wa dola 63,000, kinastahili muda wako hata kama hujawahi kusikia jina lake. Ninasisitiza hatua hii kuliko zote, kwa kuwa saa moja ya kusoma H6 huondoa vyuo ambavyo vingekugharimu ada za maombi na wiki nzima za kuandika insha.

Hatua ya nne: weka kila chuo kwenye kundi lake

Washauri huzoea kugawa vyuo katika makundi matatu: vyuo vya ndoto, vyuo vinavyolingana na kiwango chako, na vyuo vya uhakika. Mgawanyo huo ubaki, lakini pima kila chuo mara mbili, mara ya kwanza kwa udahili na mara ya pili kwa fedha, kisha kiweke katika kundi gumu zaidi kati ya yale uliyopata. Chuo ambacho kwa alama zako ungekiita cha uhakika, lakini kinachotoa ufadhili kamili kwa wageni wachache tu, ni chuo cha ndoto.

Ukifanya hivyo kwa uaminifu na uhitaji wako ni mkubwa, utagundua kwamba huenda Marekani hakuna chuo hata kimoja cha uhakika kwako. Chuo chako cha uhakika na kiwe nchini mwako au katika nchi nyingine ambayo gharama zake mnazimudu, na ukiombe kwa wakati wake kama wengine. Mwanafunzi aliyejipanga hivyo huomba Marekani kwa utulivu zaidi.

Kwa idadi, vyuo 8 hadi 12 vinatosha. Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi kwa fomu moja, inaruhusu hadi 20, lakini insha za ziada za vyuo 20 haziandikiki vizuri na mtu mmoja. Napendelea viwili au vitatu vya ndoto kubwa, vitano au sita vya lile kundi la pili la sera, vinavyofidia pengo lote, ambavyo umevisoma kwa makini, na vinavyobaki viwe vya ufadhili wa ufaulu ambapo hesabu inakubali.

Hatua ya tano: panga gharama za maombi, fomu na tarehe

Andika ada ya maombi ya kila chuo na uombe msamaha wa ada hiyo mapema. Vyuo vingi hutoa kwa wenye uhitaji, na vingine havitozi kabisa. Vyuo kadhaa hutaka CSS Profile, fomu ya kueleza hali ya fedha ya familia inayotolewa na shirika la College Board, ambayo hulipiwa, ila baadhi hukubali fomu nyingine isiyolipiwa iwapo utawaandikia na kueleza hali yako. Tarehe ya mwisho ya fomu za fedha inaweza kutofautiana na ile ya maombi ya udahili, kwa hiyo ziandike zote mbili.

Hatua ya sita: amua kuhusu maombi ya mapema yanayofunga

Baadhi ya vyuo hukuruhusu kuomba mwezi Novemba kwa ahadi kwamba ukikubaliwa utaondoa maombi yako mengine yote. Kwa njia hii unapoteza nafasi ya kulinganisha ofa, kwa hiyo itumie kwa chuo kimoja tu kinachofidia pengo lote. Ahadi hiyo inaweza kuvunjwa iwapo msaada uliotolewa hautoshi, lakini iweke kama njia ya dharura tu.

Hatua ya saba: linganisha ofa

Barua zikifika, usilinganishe ukubwa wa ufadhili. Linganisha kinachobaki. Ufadhili wa dola 40,000 katika chuo cha dola 78,000 unakuachia dola 38,000. Ule wa dola 20,000 katika chuo cha dola 32,000 unakuachia dola 12,000. Tenga ruzuku na mikopo, kisha ongeza vitu ambavyo barua nyingine huviacha: bima ya afya, nauli, na makazi wakati wa likizo. Sehemu ya ufadhili inayolipia chumba na chakula kwa kawaida hukatwa kodi ya serikali ya Marekani, mara nyingi asilimia 14. Uliza pia ni alama zipi unatakiwa kuzidumisha ili ufadhili uendelee.

Pengo likiwa dogo, iandikie ofisi ya misaada ya fedha kwa adabu, ukiambatanisha ushahidi wa jambo ambalo halikuonekana kwenye fomu, kama vile mzazi kupoteza kazi. Fanya hivyo kabla ya tarehe 1 Mei, ambayo kwa vyuo vingi ndiyo siku ya mwisho ya kujibu, kwa kuwa chuo hakitakutolea fomu ya I-20 ya kuombea viza mpaka uonyeshe kwamba fedha za mwaka wa kwanza zimekamilika.