Kabla hujapandisha begi la intaneti Makete

Wengi wakitaka kutengeneza begi la intaneti la kubeba, yaani begi lenye rauta na betri yake, huanza kwa kuuliza rauta ipi ina spidi. Anza na betri. Geuza rauta usome kibandiko: nyingi zinazotumia laini ya simu ni volti 12, ampea 1, yaani zikikazwa hazizidi wati 12. Tuseme yako inakula wati 8. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 7, ile nyeusi ya ving'ora, ina wati-saa 84, ila ukiikamua kupita nusu kila mara unaiua mapema. Hesabu 42, gawa kwa 8: saa tano na robo. Mafunzo ya wakulima wa viazi yakianza saa tatu asubuhi, saa nane na robo mchana mtandao umekata.

Betri yenye maandishi LiFePO4, aina ya lithiamu, ni nyepesi na hukubali kutumika karibu yote. Sharti lake, ambalo mtu wa Dar halimhusu, ni kwamba isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0. Kule Kitulo, juu milimani Makete, mwezi wa sita na wa saba, alfajiri unakuta barafu juu ya majani. Betri ilale ndani na watu, isiachwe kwenye gari, na ipate joto kwanza ndipo uichomeke kwenye sola.

Betri ikiwa kwenye chaji hupanda hadi volti 14 na ushee, kwa hiyo weka kidhibiti volteji, kifaa cha kuishikilia kwenye 12, kati yake na rauta. Fyuzi ikae karibu kabisa na chanya ya betri. Mimi niliwahi kuiweka upande wa rauta. Nilipofungua begi, ganda la waya lilikuwa limelainika kama mshumaa.

Halafu milima. Laini inayokimbia Mbeya mjini inaweza kufa kabisa ukishaingia bondeni, hivyo beba za mitandao miwili, zimesajiliwa kwa alama za vidole na zina bando. Ukifika usikae ulipoonyeshwa kiti. Zunguka na simu, panda tuta, jaribu dirisha linalotazama mnara, kisha vuta waya mrefu hadi hapo. Tukuyu ongeza mfuko wa nailoni, maana mvua ya kule haina ratiba.

Siku mbili kabla ya safari, washa begi nyumbani, unganisha simu kadhaa zifanye kazi kweli, uache mpaka lizime lenyewe. Idadi ya saa iandike kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko, kisha chaji upya.