Kumpeleka mzazi mzee Lamu bila joto kumharibia safari

Hapa Nairobi nimeona familia nyingi zikiwa na mama ama baba ambaye joto linamsumbua, basi inaamuliwa tu abaki nyumbani, ama anapelekwa pwani halafu anashinda chumbani akijipepea na gazeti akihesabu siku za kurudi. Yote mawili yananiuma. Mzazi aliyesomesha watoto sita na hajawahi kukaa mahali akaangalia bahari, anastahili hiyo safari, na anaweza kuifurahia kabisa ukiipanga kwa masaa badala ya kuipanga kwa orodha ya mahali pa kuona. Nitaongelea Lamu juu ndiyo naipenda kwa wazee, lakini mengi yatakusaidia hata mkienda Unguja ama mkiishia Mombasa.

Kwanza mwezi. Sisi watu wa bara tunashuka pwani Desemba na Pasaka juu ndio shule zimefungwa, na kwa mzee hiyo ni miezi mibaya. Kuanzia Desemba kaskazi inavuma na joto linapanda, Machi na Aprili ndio linazidi, halafu Mei mvua inamwagika. Mpeleke Julai ama Agosti. Kusi inakuwa inavuma, mchana Lamu inacheza kwa digrii 27 ama 28 hivi, na Nairobi wakati huo watu wako na sweta. Kusi inachafua bahari ya nje lakini ule mlango wa maji kati ya Lamu na kisiwa cha Manda huwa umetulia, na kwa mzee huo unatosha.

Kabla ya kulipa chochote, beba dawa zake zote kwa mfuko muende kliniki. Si majina kwa karatasi, dawa zenyewe. Manake mwili wa mzee tayari unatoa jasho kidogo na kiu hauisikii vizuri, halafu kuna dawa zinaongezea hiyo shida. Zile za kutoa maji mwilini kama Lasix zinamkausha haraka, zile za presha kama atenolol na ndugu zake zinazuia moyo kuongeza kasi wakati mwili unajaribu kujipoza, na hata Piriton, ile tunameza ovyo ovyo kwa mafua, inapunguza jasho. Usimwachishe dawa kwa akili yako. Muulize daktari maswali mawili: kuna ya kubadilisha ama kupunguza tukiwa kwa joto? Na anywe maji kiasi gani kwa siku? Hilo la pili ni muhimu sana kwa mwenye shida ya moyo ama figo, juu huyo "kunywa maji mengi" inaweza kumuumiza. Kama anajidunga insulini, isafiri kwa begi la mkononi, isiachwe juani kwa boti na isigusane na barafu. Mkifika hizo hajafungua ziingie kwa friji.

Kufika ni ndege, sitaki kukudanganya. Basi kutoka Mombasa linachosha hata kijana, na likifika Mokowe bado kuna boti ya kuvuka. Ndege za Lamu zinatoka Wilson na JKIA, ni kama saa moja na kitu, mnatua Manda na kuvuka kwa boti. Na hapo kwa gati ndio watu hawafikirii. Maji yakiwa yamekupwa boti inakaa chini sana na mzee anateremka ngazi zenye utelezi akishikwa huku na huku, maji yakijaa boti inapanda karibu sawa na gati na anaingia tu kama anaingia matatu. Kwa hivyo piga simu siku moja kabla, muulize kapteni maji yanajaa saa ngapi, na kama unaweza chagua ndege ya kuendana na hiyo. Mwambie unataka boti yenye turubai, na watu wawili wa kumshika mzee, mmoja awe ndani ya boti na mwingine abaki nyuma yake. Avue slipasi avae raba zenye mshiko. Wazee wa Lamu wenyewe wanashikwa mkono hapo, kwa hivyo asione haya.

Nyumba sasa. Zile nyumba za zamani za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, kuta nene, na vichochoro ni vyembamba hadi jua halifiki chini, na mji hauna magari kama tulivyozoea. Kwa mtu wa joto hiyo ni baraka. Shida ni ngazi, mwinuko wake ni wa kuogopesha na vyumba vyenye upepo mzuri viko juu. Usiamini picha za mtandaoni, omba mwenye nyumba akutumie video kwa WhatsApp akitembea kutoka mlangoni mpaka kitandani, uhesabu hizo ngazi mwenyewe. Kwangu mimi chumba cha ghorofa ya kwanza chenye madirisha pande mbili na feni juu ya kitanda kinashinda chumba cha chini chenye AC, lakini goti lake ndilo litaamua. Uliza pia stima ikipotea usiku kuna jenereta, na nani anaiwasha. Bafuni omba kiti cha plastiki aoge akiwa amekaa.

Siku mbili tatu za kwanza msifanye kitu. Mwili unahitaji kama wiki moja hadi mbili kuzoea joto, na mwanzo ndio hatari, wakati kila mtu ana hamu ya kuzunguka. Mzee atoke alfajiri, saa kumi na mbili na nusu hivi, mtembee kando ya bahari pole pole kabla jua halijakuwa kali, mnywe chai na mahamri, saa tatu mko ndani. Kutoka saa nne mpaka saa kumi hakuna kutoka. Wenyeji wenyewe wanafanya hivyo, mji unanyamaza baada ya swala ya adhuhuri watu wamelala. Jioni ndio mnashuka tena, mnapanda boti mpaka kijiji cha Shela ama mnakaa barazani na mama anasalimiana na kina bibi wanaopita.

Lakini yale masaa ya ndani yasiwe kifungo, hapo ndipo safari inaharibika. Yafanye yawe ndio raha yenyewe. Mwite mama wa kupaka hina aje nyumbani (iwe ile ya asili ya rangi ya kahawia, hiyo nyeusi tii huchanganywa kemikali zinazochoma ngozi), apikiwe samaki wa kupaka, mcheze karata, achukue usingizi. Weka kiti chake pale upepo unapita, miguu kwa beseni la maji ya kawaida, leso iliyoloweshwa shingoni na feni ikimpulizia. Hiyo leso na feni pamoja zinafanya kazi kuliko watu wanavyodhani, kila ikikauka iloweshe tena.

Kuhusu kunywa, wazee wengi hawakatai maji kwa sababu hawana kiu tu, wanaogopa kusumbuliwa na choo wakiwa nje. Hatakuambia, ni mzazi wako. Kwa hivyo kabla ya kutoka mwambie wazi, "Mama, pale tunaenda choo kiko karibu na nimekiangalia," utaona anakunywa. Mpe kidogo kidogo kila nusu saa, asingojee kiu. Ukwaju na maji ya ndimu ni sawa ila waambie wasijaze sukari kama anayo ya kutosha damuni. Madafu ni matamu lakini yana potasiamu nyingi, kama ana shida ya figo ama anameza dawa za presha kama losartan au enalapril, uliza daktari kwanza.

Nguo ataleta sweta, petikoti na soksi, usigombane naye. Mkifika mnunulie deera ya pamba iliyo pana, inapitisha hewa na pia inaheshimu mji maana Lamu ni mji wa Waislamu. Mzee mwanamume kikoi na shati jepesi la mikono mirefu. Mwavuli kuliko kofia, anashikilia kivuli chake mwenyewe.

Sasa hili lisome mara mbili. Akianza kulalamika kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, ama akawa mnyonge ghafla na ngozi ina ubaridi wa jasho, hapo hapo mtoe juani, alale, miguu iinuliwe, mfungue nguo, mpepee na anywe maji taratibu. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, hospitali. Lakini akianza kuongea vitu havieleweki, kuchanganya majina ya watoto, kuyumba ama kuzimia na mwili unawaka, hiyo si uchovu, hiyo inaua. Mwagie maji mwili mzima, weka vitambaa baridi shingoni, makwapani na kwenye kinena huku anapepewa, usimpe kitu mdomoni kama hajitambui, na usipoteze muda na panadol juu haishushi joto la aina hiyo. Endelea kumpoza hata mkiwa njiani. Hospitali ya King Fahd iko Lamu mjini, kwa hivyo kama mmelala Shela, siku ya kwanza tu chukua namba ya kapteni anayelala karibu na umuulize kabisa kama anaamka usiku, na mpatane bei mapema.