SOMO: Kuchagua nibu ya stabu au italiki kwa kalamu ya wino ya bei nafuu (soma kabla hujauliza)

Wakuu, kila wiki anaingia mtu na picha ya mwandiko wa kupendeza, mistari minene na myembamba imepangana, anauliza "hii ni kalamu gani?" Sio kalamu, ni nibu, yaani ile ncha ya chuma inayoandika. Na nibu ile ile kwenye mwandiko wako inaweza kutoa madoa matupu. Naandika mara moja hapa; atakayeuliza tena atapewa namba ya hatua.

Msamiati kwanza. Nibu ya kawaida ina kitone cha mviringo nchani, ndiyo maana mstari wake hauna unene tofauti ukishuka au ukienda pembeni. Stabu haina kitone. Ncha yake ni bapa kama patasi, ila pembe zimeviringwa kidogo: ukishuka unapata mstari mnene, ukienda mlalo unapata mwembamba. Italiki ni patasi hiyo hiyo yenye pembe zilizoachwa kali, kwa hiyo tofauti ya unene inaonekana zaidi na karatasi inakwaruzwa zaidi. Kwa notisi, barua na maandishi ya haraka chukua stabu. Italiki kali ni ya mtu anayeandika kadi za harusi taratibu, amekaa mezani. Angalizo: watengenezaji hawaheshimu sana majina haya, unaweza kukuta boksi limeandikwa italiki na ndani ni stabu. Angalia pembe, usisome boksi.

Hatua ya 1: pima mwandiko wako. Chukua kalamu unayotumia sasa na daftari unalotumia sasa, andika neno "maneno" mara kumi kwa kasi yako ya kila siku. Neno hilo lina herufi fupi tupu, hakuna inayopanda kama k wala inayoshuka kama g. Pima urefu wake kwa rula, chukua wastani. Ukiandika vizuri kwa sababu unapimwa, umejidanganya mwenyewe.

Hatua ya 2: gawa urefu huo kwa upana wa nibu. Kanuni ya mwandiko rasmi wa italiki ni herufi fupi kuwa na urefu mara 5 ya upana wa nibu. Nibu ya milimita 1.1 inataka herufi za milimita 5.5, na kwenye daftari lenye mistari ya milimita 8 herufi zinazopanda kama k zitagongana na mstari wa juu. Kwa mwandiko wa kila siku mara 3.5 inatosha. Ikishuka chini ya 3, matundu ya a na e yanaziba, na Kiswahili kilivyojaa a, ukurasa unakuwa kama umenyunyiziwa pilipili manga. Jaribu kuandika "wanaandaa" kwa nibu ya 1.5 kwenye herufi za milimita 3 uone.

Kwa hiyo: herufi za milimita 4, nibu ya 1.1. Herufi za milimita 3, tafuta 0.8, mwisho 1.0. Herufi za milimita 2, achana na stabu, nunua F (nyembamba) au M (ya wastani) ya kawaida uwe na amani. Nibu ya 1.5 ni ya bahasha, kadi na vichwa vya notisi. 1.9 kwenda juu sio mwandiko tena, ni tangazo la mlangoni.

Hatua ya 3: chagua kalamu. Anayeanza namwelekeza Lamy Safari, kwa sababu nibu zake za 1.1, 1.5 na 1.9 zinauzwa peke yake na zinaingia pia kwenye Al-Star, Vista na Joy. Ukikosea upana, umekosea nibu tu, kalamu inabaki. Unaitoa kwa kubandika selotepu juu yake na kuvuta moja kwa moja mbele; ukivuta kiupandeupande unapanua masikio yake yanayoshika ulimi, yaani kile kipande cha plastiki kinacholeta wino, na hairudi kukaza tena. Pilot Metropolitan inapatikana na nibu ya CM, stabu ya takriban milimita 1, na nibu ya Plumix, kalamu nyingine ya Pilot, inaingia humo bila shida. Kaweco Sport ina nibu za 1.1 hadi 2.3. TWSBI Eco ina stabu ya 1.1 na tangi linalobeba wino mwingi, jambo la maana kwa sababu nibu pana inakunywa. Jinhao X450 na X750 zinapokea nibu za "namba 6". Namba 6 ni saizi ya nibu yenyewe. HAINA UHUSIANO na upana wa mstari.

Hatua ya 4: osha kalamu mpya kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, suuza. Mafuta ya kiwandani yanazuia wino.

Hatua ya 5: tia wino wa kalamu ya wino. Sio mwingine wowote.

Hatua ya 6: jaribu mshiko. Chora alama ya × na alama ya +. Ukingo wa nibu ukiwa nyuzi 45 na mstari wa daftari, mguu mmoja wa × unakuwa mnene kabisa na mwingine kama unywele, na mikono ya + inalingana. Kama × inalingana na + ndiyo yenye mnene na mwembamba, nibu yako imekaa sambamba na mstari. Kati ya nyuzi 30 na 45 ndipo mwandiko wa kawaida unapopendeza.

Hatua ya 7: ikikwaruza. Hapa ndipo nibu zinapouawa, na zangu mbili ziko kaburini. Stabu ikikwaruza, mkono wa kwanza unakimbilia msasa. Usifanye hivyo. Ncha bapa lazima ikae yote juu ya karatasi. Ukizungusha kalamu kidogo tu vidoleni, pembe moja inachimba na nyingine inaelea. Kwa hiyo kwanza nyoosha mshiko, andika mistari mitano. Bado? Chukua kioo cha kukuzia mara 10, kama cha fundi saa, tazama nibu kutoka mbele: meno yake mawili yako sawa? Likipanda moja, lisukume chini taratibu kwa ukucha, shikilia kidogo, achia, tazama tena. Mara nyingi tatizo linaishia hapo. Ikibaki kukwaruza na meno yako sawa, ndipo unatumia msasa wa kung'arishia wa namba 12000, kalamu ikiwa na wino, bila kukandamiza: chora namba 8 kubwa tano, kisha ilaze kidogo kulia mara mbili na kushoto mara mbili kwa ajili ya pembe. Simama. Andika. Usirudie kabla hujaandika.

Sababu ya ukali huu: nibu nyingi za stabu za bei nafuu ni chuma kitupu, hazina ile metali ngumu iliyochomelewa nchani kwenye nibu za kawaida. Zinalika haraka. Ukingo ukishaviringika, mstari wa mlalo unanenepa, tofauti inapotea, na unabaki na nibu butu isiyo stabu wala nibu ya kawaida. Hakuna kurudi. Msasa wa duka la vifaa vya ujenzi, hata ule unaoitwa laini, usiusogeze karibu.

MASWALI

chapchap: Mkuu nibu gani nzuri? Nina haraka.

Jibu: Hatua ya 1.

chapchap: Nimeuliza kistaarabu, sina muda wa kusoma gazeti lote.

Jibu: Nami nimejibu kistaarabu. Bila kipimo cha herufi zako jibu langu ni bahati nasibu. Rula na dakika mbili.

mama_daftari: Asante kwa somo. Nimepima, herufi zangu ni milimita 3.8. Nimeweka nibu ya 1.1 kwenye Safari, inaandika vizuri ila mistari ya kushuka inaanza kwa kuruka, kama milimita moja haina wino. Nimeosha tayari. Karatasi ya printa haina shida, ni kaunta buku tu.

Jibu: Dada, maelezo kama haya ndiyo yanafanya mtu apende kujibu. Kipimo chako kiko sawa, usibadilishe nibu. Angalia mambo matatu. Kwanza, kurasa ambazo kiganja kimezipitia zina mafuta ya ngozi. Weka kipande cha karatasi chini ya mkono. Pili, umezoea bolpeni, hivyo unaanza mstari kalamu ikiwa bado hewani. Nibu ya mviringo inasamehe, bapa haisamehi. Tua, kisha shuka. Tatu, wino. Pelikan 4001 ni mkavu kiasi. Kama ndio unaotumia, jaribu bluu ya Waterman, unatiririka zaidi. Anza na la kwanza, halina gharama.

mama_daftari: Ilikuwa mafuta ya mkono! Nimeweka karatasi, imeacha. Ila sasa wino unatokeza nyuma ya ukurasa.

Jibu: Hiyo ni karatasi nyembamba. Kama wino wako ni ule Pelikan mkavu, usiutupe basi, kwa kaunta buku ndio dawa.

fundi_printa: Wino wa printa unafaa? Ninao chupa nzima.

Jibu: Hatua ya 5.

fundi_printa: Wino ni wino bwana, unatuogopesha tu. Na wa mhuri je?

Jibu: Wino wa printa umetengenezwa kwa mashine yake, wa mhuri umetengenezwa usikauke kwenye kitambaa. Na kabla hujauliza: wino mweusi wa kuchorea wenye gundi ndani yake ukikauka kwenye ulimi ndio mazishi. Kalamu ni yako, chupa ni yako.

mashoto: Mimi naandika kwa kushoto. Niache kabisa?

Jibu: Usiache. Chora × ya Hatua ya 6. Kwa anayetumia kulia, mguu mnene ni ule unaoshuka kutoka juu kushoto kwenda chini kulia. Kwako, kama mkono unakaa chini ya mstari, huenda mnene ukawa ule mwingine. Zungusha karatasi, sio kifundo cha mkono, mpaka ubadilike. Kama unakunja mkono juu ya mstari, nibu inasukumwa badala ya kuvutwa, hivyo italiki kali itachimba: stabu tu. Na usipite 1.1, wino mwingi haukauki kabla kiganja hakijapita.

binti_pwani: Shikamoo mwalimu. Nataka kujifunza khati ya Kiarabu, babu alikuwa akiandika tenzi kwa herufi hizo. Stabu ya 1.5 itafaa?

Jibu: Marahaba mwanangu. Itakupa mnene na mwembamba, lakini sio mahali pake. Kalamu ya mwanzi ya khati hukatwa mshazari, na nibu ya dukani imekatwa bila mshazari, kwa hiyo utapinda kifundo kufidia na kujifunza tabia mbaya. Mbili za kufikiria: mwanzi wenyewe, ukatiwe na anayejua, au Pilot Parallel, ambayo ncha yake ni bamba mbili za chuma zilizobanwa, zipo za 1.5 hadi 6.0. Anza na 3.8, kwa sababu khati ndogo inaficha makosa. Ukifika kwenye kupima herufi kwa nukta utaelewa kwa nini nimesema kubwa.

binti_pwani: Babu alikuwa anapima kwa nukta kweli! Nilidhani anacheza.

mzee_wa_wino: Nyongeza kwa wenye Metropolitan: ile inayouzwa Ulaya kwa jina la MR inapokea katriji (vibomba vya wino vya kubadilisha) fupi za kawaida, nyingine zinataka katriji za Pilot. Wanaotumiwa na ndugu kutoka Uingereza waangalie kabla ya kuagiza katriji.

Jibu: Sahihi kabisa, nilisahau hiyo.

mzee_wa_wino: Na katriji ikiisha usiitupe. Bomba la sindano la mililita 5, bila sindano kali, unaijaza tena kutoka kwenye chupa. Bomba hilo hilo linasukuma maji kupitia mshiko, yaani kile kipande cha mbele unachoshika, wakati wa kuosha.

mama_daftari: Katriji inajazwa mara ngapi kabla haijalegea?

mzee_wa_wino: Mpaka uone wino kwenye mshiko kwa ndani. Zangu huwa nabadilisha mdomo ukianza kuingia bila kile kishindo kidogo cha "tk".