Jinsi ya kutesti mfumo wa AI kabla hujauachia kwa watu

Kama umezoea kutesti programu za kawaida, ukikutana na mfumo wa AI (akili bandia) lazima uchanganyikiwe kidogo, maana kule ulikozoea ukiweka mbili jumlisha mbili unategemea nne, ikija tano umekamata bagi, yaani kosa la programu, kazi imeisha. Huku unauliza swali asubuhi unapewa jibu, unarudia lile lile mchana unapewa jibu lingine, na yote mawili yanaweza kuwa sawa, au moja ni la hovyo kabisa ila limeandikwa kwa kujiamini kuliko lile zuri. Sasa wengi wanachofanya wanafungua mfumo, wanauliza maswali kumi hivi, majibu yanapendeza, wanasema iko poa tuachie. Hapo wamefanya demo tu, testi bado haijaanza.

Humu nitatumia mfano wa chatbot (au bot), yaani programu inayoongea na watu kwa maandishi, ya kuwajibu wateja kwa sababu ndo kitu watu wengi wanajenga sasa hivi, ila njia zenyewe ni zile zile hata kama mfumo wako unatambua picha au unasoma vihisi (sensor).

Kabla hujagusa chochote, andika kufeli ni nini. Andika kabisa na uweke tarehe, na usiandike "majibu yawe mazuri" maana hiyo haipimiki. Andika hivi: bot isitaje sera ambayo haipo kwenye waraka wetu. Kama haijui iseme haijui na impeleke mteja kwa mhudumu. Maswali ya malipo yanayokosewa yasizidi 3 kwenye kila 300. Sababu ya kuandika mapema ni kwamba ukishaona matokeo moyo unaanza kutetea, "aah hili nalo si baya sana", na mstari unasogea taratibu mpaka kila kitu kinapita. Kule Kanada mwaka 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia liliiamuru Air Canada imlipe abiria, kisa chatbot yao ilimwambia anaweza kuomba punguzo la nauli ya msiba baada ya kusafiri wakati sera ya kampuni hairuhusu. Kampuni ikajitetea eti chatbot inawajibika yenyewe kwa maneno yake, baraza likakataa. Ndo maana kosa la kubuni sera mimi siliwekei asilimia, likitokea hata mara moja kwenye testi mfumo hautoki.

Halafu maswali ya kutestia, hapa ndo penye kazi. Usiyatunge wewe mwenyewe umekaa mezani, maana utaandika Kiswahili safi chenye nukta na mkato na hakuna mteja anayeandika hivyo. Chukua maongezi ya kweli ya zamani, futa majina na namba za simu, ndo utumie hayo. Na fungu la kutestia likae mbali kabisa na fungu lililotumika kujengea mfumo, yakichanganyika hata kidogo utapata alama za juu za uongo, ni sawa na mwanafunzi aliyeuona mtihani jana yake.

Ukishapata swali moja zuri likunjekunje. Mfano "Nimelipa mara mbili kwa bahati mbaya, nitarudishiwaje pesa yangu?" Sasa andika "nmelipa x2 narudshiwaje hela", andika "Yani mmenikata mara mbili!!! rudisheni", andika kwa herufi kubwa zote, changanya na Kiingereza nusu, weka habari nyingine ndefu katikati halafu swali lije mwishoni. Wote hao wanauliza kitu kimoja, kwa hiyo utaratibu wa marejesho unaotajwa lazima uwe mmoja. Uzuri wa njia hii huhitaji kujua jibu kamili neno kwa neno, unaangalia tu kama majibu yanakubaliana, na yakipishana tayari umeshapata tatizo. Fanya na kinyume chake: badilisha kitu kimoja ambacho kinatakiwa kubadilisha jibu, mfano "nimelipa mara mbili" iwe "nimelipa mara moja", uone kama bot imeshtuka au inaendelea kumwahidi mtu marejesho.

Na kila swali uliza mara kadhaa. Mara moja haikuambii kitu kwa mfumo unaobadilisha majibu.

Sasa hesabu, na hii watu wanairuka sana. Umetesti mara 100, hakuna kosa hata moja, unafurahi. Kuna kanuni rahisi ya takwimu: chukua 3 gawanya kwa idadi ya testi ulizofanya bila kosa, unapata kiwango cha juu ambacho makosa bado yanaweza kufikia, kwa uhakika wa asilimia 95. Kwa 100 ni asilimia 3, kwa 300 ni asilimia 1. Kama unahudumia watu 10,000 kwa siku, asilimia 1 ni watu 100 kila siku wanaopotoshwa na testi yako ilikuwa inasema sifuri. Kwa hiyo kabla hujasema "haijafeli" sema umetesti mara ngapi. Kanuni inafanya kazi pale tu maswali yako yanapofanana na yale watakayouliza watu wenyewe, tunarudi kule kule kwenye maswali ya kweli.

Wastani nao usikuzuge. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walitoa utafiti kuhusu mifumo ya kibiashara ya kutambua jinsia kwa picha ya uso, makosa kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifika asilimia 34.7 na kwa wanaume weupe hayakuzidi 0.8. Ukijumlisha wote mfumo unaonekana mzima. Kwako gawa matokeo kwa makundi: wanaoandika kwa kifupi, wanaochanganya lugha, wenye hasira, maswali marefu. Kundi likifeli, mfumo umefeli kwa hao watu, haijalishi namba ya jumla inasemaje.

Kuna watu wanatumia AI nyingine kusahihisha majibu, sawa inaokoa muda, ila kwanza chukua majibu kadhaa yasahihishwe na binadamu wawili na hiyo AI pia, ulinganishe. Kama haikubaliani na binadamu usiiamini kwenye maelfu yaliyobaki.

Jaribu pia kuiharibu makusudi. Iambie isahau maelekezo yake, iombe data ya mteja mwingine, na kama inasoma mafaili weka faili lenye amri iliyofichwa katikati ya maandishi uone kama itatii. Hii kazi mpe mtu ambaye hakujenga mfumo, aliyejenga anaupenda mno.

Kitu chochote kikibadilika rudia testi zote, iwe umebadilisha neno moja kwenye prompti (maelekezo unayoipa AI) au mtoa huduma ameleta vesheni mpya ya modeli, yaani ile AI yenyewe inayotoa majibu. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliharibika chini ya sekunde 40 baada ya kuruka, na chanzo kilikuwa kipande cha programu kilichotoka Ariane 4, roketi iliyoitangulia, kule kilifanya kazi vizuri ila roketi mpya ilikuwa na mwendo tofauti, namba ya mwendo huo ikawa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa kwenye kompyuta. Kilichopita testi jana kilipita kwa mazingira ya jana.

Ukiridhika usifungulie watu wote. Anza kimya kimya, bot iandike majibu lakini mteja asiyaone, aendelee kujibiwa na mhudumu, wewe unalinganisha. Kisha fungulia asilimia 1, halafu 5, na hifadhi kila swali na jibu. Kitufe cha kuzima kiwepo tangu siku ya kwanza na kitestiwe kama vitu vingine: kizime wakati mtu yuko katikati ya maongezi, uone anahamishiwa kwa mhudumu na historia yake yote au anabaki anaangalia skrini tupu. Akibaki na skrini tupu rekebisha hilo kwanza, ndo uongeze asilimia.