Somo: Uvimbe wa maji kwenye titi baada ya hedhi kukoma

Mwanamke anayeona siku zake, hasa kati ya miaka 35 na 50, si ajabu apate vifuko vya maji kwenye titi. Huuma hedhi ikikaribia, kisha hupoa. Hedhi ikishakoma miezi 12 mfululizo, homoni ya kike iitwayo estrojeni hushuka na vifuko huwa adimu. Wanaoendelea kuvipata mara nyingi wanatumia dawa za homoni. Kwa hiyo, mama wa miaka 58 aliyegusa uvimbe mpya asiambiwe “subiri mwezi upite”. Mwezi upi tena?

Kwanza, nenda hospitali ukiwa na orodha ya dawa zako zote. Homoni usiifiche.

Pili, piga ultrasaundi, na mara nyingi mamogramu (eksirei ya titi) pia. Kidole hakitofautishi maji na nyama, hata kiwe cha daktari bingwa. Kwenye skrini, kifuko cha maji matupu ni doa jeusi tii lenye ukingo mwembamba na mng'ao nyuma yake.

Tatu, soma ripoti, usiikunje tu mkobani. Tafuta neno BI-RADS (mpangilio wa madaktari wa kuonyesha picha ya titi inatia shaka ya saratani kiasi gani) na namba yake: 2 si saratani, 3 kwa kawaida unarudi kupimwa baada ya miezi 6, 4 au 5 kinyama kinachukuliwa kupimwa. Ukuta mnene au kinyama ndani ya maji huangukia hapo kwenye 4.

Nne, kifuko kikiuma, maji huvutwa kwa sindano. Yakiwa ya njano, kijani au kahawia, usishtuke. Yakiwa na damu, yaende maabara.

MASWALI

Mama ana miaka 63, uvimbe wake haumuumi. Si afadhali?
Hapana, dada. Saratani nyingi za titi haziumi mwanzoni. Mpeleke wiki hii.

Nikande kwa maji ya moto?
Ya uvuguvugu, pamoja na sidiria inayokushika vizuri, hutuliza maumivu. Kifuko hakiondoki kwa kukandwa.

Kinaweza kugeuka saratani?
Cha maji matupu, hapana. Kisipouma, huachwa kilivyo.

Nilivutwa maji, kimejaa tena.
Hutokea. Rudi na ripoti ya zamani ili walinganishe. Na kama bonge lilibaki hata baada ya maji kutoka, uliza kuhusu kuchukuliwa kinyama.