Redio mgongoni, antena kileleni

Kwanza pata leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya kuwasiliana na wengine kwa redio kama burudani. Bila ishara yako ya mwito, jina la herufi na tarakimu unalojitambulisha nalo hewani, huruhusiwi kurusha mawimbi. Kisha chagua mlima mfupi. Mpango wa Summits on the Air, wa kuwasiliana kwa redio kutoka vileleni, ulioanza Uingereza mwaka 2002, unataka usishuke zaidi ya mita 25 za wima chini ya kilele, usitumie jenereta, na upate mawasiliano manne ndipo uhesabiwe pointi.

Mimi hubeba redio ya wati 5 na betri ya lithiamu. Antena ndiyo roho ya kazi. Kwa masafa ya megahezi 14, kata vipande viwili vya waya, kila kimoja mita 5 na kidogo, ukipunguza taratibu hadi antena ikubali masafa hayo. Inyanyue katikati kwa ufito wa kuvulia samaki, ncha uzifunge chini kwa kamba, ikae kama paa la nyumba. Kamba zangu za kwanza zilikuwa za kijani. Nilizitafuta nyasini hadi jua likazama. Nunua za rangi ya machungwa.

Tangaza mapema masafa na saa utakayokuwa juu, wawindaji wa vilele, yaani wanaotafuta mawasiliano na walio juu, wakusubiri. Ukisikia radi hata kwa mbali, acha kila kitu ushuke.