Boti ya faiba iliyochoka: itafutie mwendo kabla hujanunua mashine kubwa

Boti yangu ni ya faiba, futi 19, ina miaka ishirini na kitu. Mashine ni ya farasi 40, tu-stroki. Mwaka jana ilikuwa ikitoka Nungwi kwenda Mnemba kwa kilomita 30 kwa saa, tezi (nyuma ya boti) imezama, na ukikata kona inataka kulala. Leo inakwenda 38 kwa mashine ileile. Fuateni mpangilio huu kama ulivyo. Ukianza na propela kabla ya kupunguza uzito, utanunua propela mara mbili.

1. Pima kwanza. Fungia tachometa ndogo (kipima mizunguko ya mashine) kwenye waya wa plagi, kasi isome kwenye GPS ya simu. Kimbiza boti kwenda na kurudi njia moja, kisha tafuta wastani, maana mkondo unadanganya. Pimia mbali na waogeleaji, na kamba ya kuzimia mashine iwe mkononi. Yangu ilizunguka 4200 kwa dakika, wakati mashine hii inatakiwa kufika 4500 hadi 5500.

2. Uzito. Hapa ndipo nilipopata faida kubwa kuliko kote. Toboa tundu dogo kwenye sakafu, karibu na tezi. Maji yakichuruzika, povu la kuelea lililo chini limelowa, na kila lita ni kilo moja unayoibeba bure kila safari. Nilikata sakafu, nikalitoa lote, nikaacha boti ikauke wiki tatu, ndipo nikatia povu jipya. Usifunge sakafu bila povu! Boti ikijaa maji, hilo ndilo litakalowashikilia juu abiria wako. Tangi la mafuta nalo nimelisogeza katikati.

3. Tumbo. Mwani na magamba kwaruza yote, piga msasa, paka rangi ya kuzuia uchafu. Kisha weka ubao ulionyooka, mita 2 hivi, chini ya boti kuelekea tezi. Ukiona mwanga katikati, tumbo limeingia ndani na omo (mbele ya boti) litabanwa chini. Jaza kwa mati (kitambaa cha nyuzi za faiba) na resini, usawazishe.

4. Kimo cha mashine. Bamba lililo juu ya propela liwe sawa na chini ya boti, au inchi moja juu yake. Langu lilikuwa chini mno, likiburuta maji. Nimelipandisha.

5. Propela. Namba ya pili iliyoandikwa juu yake ni hatua, yaani inchi ambazo ingesonga kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu. Ukipunguza inchi moja, mashine huongeza mizunguko 150 hadi 200. Nilitoka 13 kwenda 11, na sasa nasoma 5200. Hesabu yake: hatua mara mizunguko, gawa kwa uwiano wa gia (wangu ni 2), gawa kwa 656. Inatoka kilomita 43.6 kwa saa, mwendo wa propela isiyoteleza kabisa. Napata 38, kwa hiyo propela inateleza majini na asilimia 13 ya mwendo inaniponyoka. Mwanzo ilikuwa 28.

Maswali ya wadau

Mdau wa Lamu: Kaka, nikiwa na abiria inatulia. Nikirudi mtupu, mbele inaruka, inapiga, inaruka tena.
Jibu: Ingiza pini ya mashine (ile inayopanga mlalo wake) tundu moja ndani, karibu na boti, na usogeze tangi au nanga mbele. Ikiendelea, angalia tumbo karibu na tezi. Likiwa limebinuka nje, hufanya hivyohivyo.

Mdau wa Kilwa: Nina boti kama yako, nimepata farasi 75 kwa bei nzuri. Nifunge?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Gonga ubao wa tezi kwa nyundo ndogo. Ukisikia sauti nzito iliyokufa, mbao za ndani zimeoza. Hata ikiwa nzima, boti haikuundwa kubeba nguvu hiyo.

Mdau wa Mafia: Nikifungua mafuta mashine inalia sana, boti haiendi.
Jibu: Ikitokea kwenye kona tu, umeipandisha mno, ishushe. Ikitokea hata ukienda moja kwa moja, chora mstari wa rangi kutoka kitovu cha ndani cha propela hadi ganda la nje, ukimbize, kisha utazame. Mistari ikiachana, mpira wa ndani unateleza, na propela hiyo inatakiwa kuwekwa mpira mpya.